Makubwa Chini, Madogo Juu

Jina la Bi Kinyaa hakupewa kwa kuonewa. Mtu anayefuta kiti kabla ya kukikalia, anayeshika kitasa cha mlango kwa kipande cha karatasi, na ambaye akiletewa chai yenye utando wa maziwa huisukuma mbali kana kwamba kaletewa chura, atamlaumu nani? Alikuwa na miaka hamsini na sita, na thelathini kati ya hiyo aliimalizia kwenye chumba kimoja, akichora mimea. Alichagua mimea kwa sababu haitemi, haikohoi wala haipengi kamasi. Watu walimchosha tangu utotoni kwa majimaji yao.

Chumba chake kilikuwa orofa ya pili ya nyumba ya mimea mikavu. Humo makabati ya chuma yalipangwa bega kwa bega kuanzia mlangoni hadi ukutani, na ndani yake mlikuwa na maelfu ya karatasi ngumu, kila moja imebandikwa mmea uliobanwa na kukaushwa, na pembeni lebo inayosema ulichumwa wapi, lini na nani. Mgeni akiingia husema pananukia kama maktaba. Mgeni hajui kitu. Palinuka dawa ya nondo, mkojo wa panya na unga mwekundu wa vile vidudu vidogo vinavyotafuna petali usiku na mchana na kuacha mavi yao pale ua lilipokuwa. Bi Kinyaa alivijua vidudu hivyo kwa macho, na alipomkuta mmoja kwenye karatasi yake alimwondoa kwa kibano, akaosha kibano, akaosha mikono, kisha akakaa dakika tano nzima akiwa na hasira.

Lakini vidudu vilikuwa afadhali. Aliyekuwa akimtibua nyongo kwelikweli alikuwa Mkurugenzi.

Mkurugenzi alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Wafanyakazi walimwita Bwana Mate, naye hakujua, au alijua akanyamaza. Hakuweza kufunua karatasi bila kulamba kidole. Kidole cha shahada kilitoka mdomoni kinang'aa, kikatua kwenye kona ya karatasi, kikaacha doa la duara, kikarudi mdomoni na vumbi la miaka themanini, kikalambwa tena. Bi Kinyaa akimwangalia alikuwa akihisi ulimi wake mwenyewe umeota manyoya. Mara moja, katika mkutano, Mkurugenzi alimpa mkono wa pongezi baada ya kufunua kurasa kumi na mbili. Aliuosha mkono ule kwa sabuni ya kufulia mpaka ukachubuka.

Jumanne moja asubuhi Bwana Mate aliingia chumbani mwake amebeba karatasi moja kwenye jalada, ameikumbatia kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto wa kwanza.

"Dada yangu," alisema, "leo nakuletea kitu ambacho hujapata kukiona. Wala mimi. Wala yeyote."

Akaiweka mezani. Akalamba kidole, akafunua jalada. Bi Kinyaa alifumba macho mpaka jambo lile lipite.

Kwa asiyejua: maua hayakai shinani ovyo ovyo kama abiria waliodandia. Yana sheria zao, na yanapokaa kwenye kishada hukaa kwa daraja kama watoto wa nyumba moja. Iko mimea ambayo kifungua mimba hukaa chini. Ua la chini hufunguka kwanza, linafuata la juu yake, na kitinda mimba yuko kule nchani, tumba dogo bado limefumba, na shina linaendelea kurefuka. Hivyo ndivyo mtoto yeyote anavyochora ua: makubwa chini, madogo juu. Na iko mingine iliyo kinyume. Humo kifungua mimba hukaa nchani kabisa, hufunguka wa kwanza na kuziba njia, wadogo zake wakamfuata kwa chini. Mmea ni wa kundi hili au lile. Na ama uwe wa hili ama lile, kila ua huchipuka kwenye kwapa la jani lake dogo, pale jani linapokutana na shina. Kwapani, si kwingine.

Mmea uliokuwa mezani uliyavunja yote hayo. Nchani palikuwa na ua lililokwisha kazi, limenyauka na kuanza kushika mbegu. Huyo ni kifungua mimba, kaziba njia. Lakini chini yake tu palikuwa na matumba madogo, na kadiri ulivyoshuka maua yakawa makubwa zaidi, mpaka la mwisho chini kabisa, wazi, pana kama ukucha wa dole gumba. Kishada kimeanza juu, kikaanza tena chini. Zaidi ya hapo, hakuna ua hata moja lililokaa kwapani. Kila moja lilikaa upande wa pili wa shina, limeligeuzia jani lake mgongo, kama ndugu waliogombana.

"Mmea unaokwenda njia mbili," alisema Mkurugenzi. "Dunia nzima haujaandikwa. Na umechumwa na nani? Tazama lebo."

Lebo ilikuwa mpya, imepigwa chapa, nyeupe pe. Bi Kinyaa aliisoma. Mchumaji alikuwa baba yake.

Baba yake alikuwa mkusanya mimea. Watu walimwita Mzee Magazeti, kwa sababu alitembea na robota la magazeti makuukuu mgongoni, ya kubania majani. Miaka arubaini alipanda vilima na kushuka mabonde, akaleta karatasi elfu tisa na ushei kwenye nyumba hii. Wasomi walikuja, wakazikalia kitako, wakagundua mimea mipya thelathini na moja, wakaipa majina ya waalimu wao, ya wake zao, na mmoja akaipa jina la mbwa wake. Mzee Magazeti hakupewa hata nyasi. Alikufa miaka kumi na mmoja iliyopita, na mjane wake, ambaye sasa alikuwa na miaka themanini na nne na mtoto wa jicho macho yote mawili, alibaki na dukuduku hilo moja rohoni.

"Huu utaitwa kwa jina lake," alisema Mkurugenzi. "Nimekwisha andika makala. Ijumaa tunatangaza, wageni watakuja, na mama ataketi mbele. Bado mchoro tu. Bila mchoro makala haipokelewi. Nani mwingine wa kuuchora kama si binti yake?"

Hapo Bi Kinyaa, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini, alisahau kuangalia kile kidole.

Jioni ile alimweleza mama yake. Mama akaomba aambiwe jina lenyewe la kisayansi. Neno la kwanza lilikuwa gumu kama kokwa, na la pili lilikuwa jina la mumewe lililoongezewa mkia. Akalirudia. Alilirudia akila, alilirudia akiogeshwa, na asubuhi ya Jumatano Bi Kinyaa aliamka akalisikia chumba cha pili, likitamkwa polepole na mdomo usio na meno ya mbele.

"Nitalisema vizuri mbele za watu?" mama aliuliza.

"Utalisema kuliko Mkurugenzi, mama."

"Usichelewe kazini, mwanangu. Mchore baba yako."

Alianza vizuri. Alichora shina, akachora majani, akakiweka kishada mwisho kama mla nyama anavyobakiza mnofu. Ili kuchora ua kavu lazima ulilainishe kwanza. Unang'oa moja, unalichemsha kwenye kikombe cha maji, linafunguka, unaliweka chini ya hadubini. Alichagua la chini kabisa, lile pana, akalishika kwa kibano.

Halikukatika. Lilibanduka.

Alidhani ni bahati mbaya. Akalitia kwenye maji ya moto. Baada ya muda ukatokea juu ya maji utando wa kahawia, ukajikunja kama ngozi ya maziwa, na harufu ikapanda. Ilikuwa harufu ya ngozi iliyochemshwa, kwato, na kitu kilichokufa zamani kikatiwa tena moto. Bi Kinyaa aliziba pua. Aliijua. Nyumba hii haikutumia gundi ya ngozi hata siku moja. Ilitumia ile nyeupe ya kununua. Gundi ile ilipikwa mahali pamoja tu, jikoni kwa mama yake, kwenye kopo lililong'oka mpini, alipokuwa mtoto.

Akaisogeza karatasi yote chini ya hadubini. Pale kila ua lilipokutana na shina palikuwa na tone la kahawia. Kumi na saba kati ya kumi na manane. Lile la nchani tu, lililoshika mbegu, ndilo lililokuwa la shina lile kwa haki. Mengine yote yalikuwa maua ya mmea mwingine, yamebandikwa. Na yamebandikwa upande laini wa shina, mbali na kwapa la jani, kwa sababu kwapani pana manyoya na gundi haishiki. Ndani ya tone moja palikuwa na kipande cha njiti ya ufagio.

Basi akakumbuka.

Alikuwa na miaka minane. Alikatazwa kugusa meza ya baba. Baba alikwenda kuoga, naye akaenda kugusa. Akafunua magazeti mawili kwa pamoja, maua yakamwagika sakafuni kama pumba, ya mmea huu na ya ule, vikonyo vikabaki vitupu. Aliyazoa yote kwa upindo wa gauni. Mmea mmoja aliusukumia uvunguni, mwingine akauweka mezani aukarabati. Gundi ndani ya kopo ilikuwa imeganda. Kwenda jikoni kuomba maji ya moto ni kujipeleka kizimbani. Basi akatema mate ndani ya kopo. Akatema tena. Akakoroga kwa njiti mpaka ikalainika, akabandika ua moja moja, akilamba njiti kila inapokauka. Makubwa chini, madogo juu, kama alivyojua yeye ua linavyokuwa.

Baba alirudi, akafunga magazeti yake, hakusema neno. Na yeye hakusema, siku hiyo wala siku nyingine, mpaka wakamzika.

Bi Kinyaa alitazama kikombe. Utando ulikuwa umezunguka na kushika ukingo. Alikuwa ameinama juu yake, mvuke unamwingia puani, na mvuke ule ulikuwa na mate. Yake. Miaka thelathini alimchukia mtu kwa doa la kidole, kumbe uchafu mkubwa kuliko yote ndani ya nyumba ile aliuleta yeye. Kikulacho ki nguoni mwako. Alikimbilia sinki la kwenye ujia, akatapika chai yote ya asubuhi, na kisha akatapika bila kutoka kitu.

Mama Funguo alimkuta hapo. Huyu ndiye mtunza makabati, mwanamke mkavu mwenye kitita cha funguo kiunoni; karatasi haikutoka wala kuingia kabatini bila yeye. Alimpa taulo. Bi Kinyaa aliikataa, akajifuta kwa leso yake.

"Ile karatasi ya baba," alimwuliza. "Mkurugenzi aliitoa kabati gani?"

"Hakuitoa kabatini. Aliikuta droo ya chini, ile ya baba yako mwenyewe. Aliziweka humo zile zisizo za kazi. Kila nikitaka kuisafisha droo ile marehemu alikuwa ananiambia, mama, hizo ziache. Nami nikaziacha. Kwani vipi?"

 Bi Kinyaa alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Mkurugenzi.

Alimkuta anakula karanga, na anafunua makala. Karanga, kidole, karatasi. Karatasi, kidole, karanga.

"Yamebandikwa," alisema. "Maua yote isipokuwa la juu."

Mkurugenzi alitafuna mpaka akamaliza. "Najua," alisema.

"Unajua?"

"Dada, nina hadubini na mimi. Niliona wiki ya kwanza." Aliuma mdomo, na kwa muda uso wake ukawa wa mzee aliyechoka. "Lakini sikiliza. Miaka thelathini na minne nimekaa kwenye kiti hiki. Sijagundua hata kuvu. Mwakani natoka, watanipa saa ya ukutani. Na baba yako je? Elfu tisa! Kapata nini? Mimi namtafutia haki yake, wewe unaniletea habari za gundi. Aliyebandika kafa, au kasahau. Mavi ya kale hayanuki."

"Yananuka," alisema Bi Kinyaa. "Nimetoka kuyanusa."

"Chora bila matone. Kwani nani atakayebandua? Mfikirie mama. Themanini na nne, macho ndiyo hayo. Unataka kumwendea umwambie nini?" Akanyanyuka, akamshika bega, na Bi Kinyaa akaona alama ya unyevu ikibaki kwenye kitambaa cha gauni lake. "Wewe ndiye fundi. Huu mchoro ni wako na wa baba yako. Alikulea uje umtie taji."

Alikuwa anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na Bi Kinyaa alijua. Kilichomchefua zaidi ni kwamba mafuta yale yalimkolea. Alirudi chumbani akakaa, akamwona akilini mama yake mstari wa mbele, na nguo yake ya kijani, akilitamka neno lile gumu bila kukosea. Akachukua kalamu.

Alhamisi nzima alichora bila matone. Alichora ua la kwanza, kikonyo kimeungana na shina safi, kama kilichipuka pale. La pili. La tatu. Hakuwa amepata kuchora uongo, na hakujua kwamba unachoreka vizuri kuliko kweli. Mstari wa uongo hauna manyoya wala kovu, unateleza. Kila alipomaliza ua moja kinywa kilijaa mate ya kichefuchefu, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kutema, aliyameza. Alipofika la nane alisimamisha kalamu. Michoro yake ilikuwa mizuri, na ilimtia kinyaa kuliko sinki.

Alitaka kuona mwandiko wa baba. Hakuwa na sababu nyingine. Baba aliandika lebo zake kwa mkono, kwa penseli ngumu, herufi zimelala upande kama zinasukumwa na upepo, na ile lebo nyeupe iliyopigwa chapa ilimkera tangu Jumanne. Akaitazama kwa pembeni. Ilikuwa imevimba kidogo katikati. Alilowesha pamba, akaiweka juu yake, akasubiri, na gundi ya kununua ikaachia bila ubishi. Chini yake palikuwa na karatasi ya zamani, ya manjano. Mkurugenzi hakuthubutu kuibandua, aliifunika tu.

Haikuwa lebo ya kawaida. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, akaisoma tena.

"Si ya kuchunguzwa. Shina ni la bondeni, maua ni ya mlimani. Yalimwagika, binti yangu akayarudisha kwa mkono wake, na kwa mate yake nadhani, maana gundi niliiacha imeganda nikaikuta laini. Amefuata hesabu yake: makubwa chini, madogo juu. Hakukosea hata moja kwa ukubwa. Hii ni kazi yake ya kwanza. Itunzwe."

Na chini, tarehe.

Bi Kinyaa alilia bila kujifuta. Alilia mpaka pua ikatiririka, yeye, na hakuitafuta leso. Miaka arubaini na minane alidhani amemdanganya, kumbe mtu mwenyewe aliiweka kwenye droo yake, akamkataza Mama Funguo kuigusa. Na Bwana Mate aliyasoma maneno haya. Aliyasoma neno kwa neno, mpaka lile la mwisho, ndipo akalamba kidole na kubandika lebo yake juu. Kwa jambo hilo Bi Kinyaa alimwonea kinyaa ambacho hakihusiani tena na kidole. La kuvunda halina ubani.

Alichukua karatasi mpya, akaanza upya. Alichora shina, akachora maua kumi na manane, na penye kila tone la gundi akachora tone la gundi. Alichora njiti ya ufagio. Kando alichora kwapa tupu la jani, lenye manyoya yake na kovu dogo pale ua halali lilipodondoka.  Chini ya mchoro, mahali pa sahihi, aliandika: "Maua yamebandikwa na mchoraji, akiwa na miaka minane."

Ijumaa asubuhi Mkurugenzi alikuja na tai mpya. Alipouona mchoro shingo ilimvimba.

"Umefanya nini?"

"Kazi."

"Wageni saa nne! Nitawaambia nini? Nitachora mwenyewe, hata kwa kalamu ya risasi!" Akanyoosha mkono aichukue karatasi ya mmea, na kwa mazoea kidole kikaenda mdomoni kwanza. Hakikufika kwenye karatasi. Mama Funguo, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikuwa ameshaiwahi na kuikumbatia kifuani, na ile lebo ya manjano inaonekana wazi.

"Marehemu kaandika si ya kuchunguzwa," alisema. "Hii inarudi droo ya chini. Ufunguo ninao mimi, na ukiutaka, Mkurugenzi, andika barua useme unautakia nini."

Walitazamana. Kidole kilibaki hewani, kinakauka. Kisha Mkurugenzi aliketi kwa uzito kwenye kiti cha Bi Kinyaa, akalegeza tai. "Mngeniacha tu na hiki kimoja," alisema.  Wageni walipofika waliambiwa shughuli imeahirishwa, wakanywa soda wakaenda zao.

Bi Kinyaa alimkuta mama ameshavishwa ile nguo ya kijani, ameketi kwenye kiti karibu na mlango, mkoba mapajani.

"Umechelewa kunifuata. Wamempa ua lake?"

"Hawakumpa, mama. Halikuwa ua lake. Lilikuwa langu."

Akapiga magoti mbele ya kiti, akamwambia yote: meza, gauni, gundi, hata mate. Kisha akamsomea maneno ya baba, aliyoyanakili. Mama alisikiliza, midomo bado imejipanga kwa lile neno gumu asilolihitaji tena. Lilimtoka taratibu usoni, na Bi Kinyaa aliliona linavyotoka, akaumia.

"Alikuja jikoni siku ile anacheka, mkono mdomoni usije ukasikia," mama alisema. "Nikataka kukuchapa, nilikuwa nimeshika mwiko. Akaniambia, ukimgusa hatashika tena karatasi. Basi nikanyamaza." Akavuta pumzi. "Nilitaka nilisikie jina lake mbele za watu kabla sijafa. Sasa sitalisikia."

"Hutalisikia, mama. Nisamehe."

"Soma tena pale pa mwisho."

Alisoma. Kazi yake ya kwanza. Itunzwe.

Mama alinyoosha mkono, akampapasa uso, kidole kikasimama shavuni. "Nini hiki? Kinakwaruza."

"Wino. Umekauka."

"Mtu mzima, unatembea njiani na wino usoni."

Akatia dole gumba mdomoni, akalilowesha vizuri, akalisugua shavu la binti yake, akalitia tena mdomoni, akasugua tena. Mate yalikuwa ya moto, yakinuka chai na uzee. Bi Kinyaa alifumba macho, akatulia, akamwachia shavu lote.